Maswali ya Wasomaji: Mahori ya Mikoko, Maziwa ya Rufiji na Hesabu ya Maji

Tangu tuliposema kwamba ukurasa huu utapokea maswali juu ya matembezi ya mikokoni na safari za delta ya Rufiji, barua zimekuja nyingi kutoka Unguja na Pemba. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Barua tumezifupisha, maswali yenyewe hatukuyagusa.

Mwalimu wa skuli ya sekondari, Chake Chake: *Assalamu alaykum. Klabu yetu ya mazingira ina wanafunzi 18. Tunataka kuingia hori la mikoko kwa mitumbwi, tukae ndani kiasi cha saa tatu kisha turudi. Kundi lililotangulia lilikwama topeni mchana kutwa. Siku na saa tuzichague vipi?*

Wa alaykumu salaam, mwalimu. Kilichowakwamisha wenzenu ni saa waliyoingia, na jambo hili linahesabika kabla ya mtu kutoka nyumbani.

Hori la mikoko, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani ya mikoko, linaishi kwa maji ya bahari. Bahari ikirudi nyuma, hubaki mfereji mwembamba na tope huku na huku. Kwetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji makavu na maji yaliyojaa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, yaani maji madogo ya katikati, tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 au zaidi kidogo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa baina ya saa 10 na saa 10 na nusu, alfajiri na jioni, na hukauka karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza wastani wa dakika 50. Ukihesabu hivyo utaona kwamba tarehe 6 hadi 8 za mwezi wa kuandama, na tena tarehe 20 hadi 22, maji hujaa baina ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Hizo ndizo siku zenu. Mkondo huwa mpole, watoto huwa nje mchana mweupe, na jua halijawa kali. Hasara yake ni moja: maji huwa hayapandi sana, kwa hiyo vichochoro vya juu kabisa vya hori huenda msivifikie. Kwa wanafunzi tunaona ni hasara ndogo.

Hesabu hii ya mwezi inaweza kupotoka nusu saa au zaidi. Kwa safari yenye watoto tafuteni jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, mkikumbuka kwamba jedwali linasema habari za bandarini. Ndani ya hori refu maji huchelewa kufika na huchelewa kutoka. Siku moja kabla, mtu mzima aende akachomeke mti wenye alama kila sentimita 20 mahali mnapotaka kugeuzia, akausome kila nusu saa. Mti huo utawaambia kuchelewa kwa hori lenu, jambo ambalo jedwali halilijui.

Sasa mwendo wa maji yenyewe. Kuanzia kujaa hadi kukauka ni saa sita na kidogo, na maji hayateremki sawasawa. Igawe tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, basi saa ya kwanza maji hushuka sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne hushuka sentimita 90 kila moja. Hapo ndipo watu hunaswa: wametazama maji kwa saa nzima wakaona hayajashuka sana, wakazidi kukaa, na saa ya tatu mtumbwi umelala ubavu.

Kwa hiyo ingieni saa mbili kabla ya kujaa, mkisukumwa na maji yanayopanda. Geuzeni nusu saa kabla ya kujaa. Muwe nje ya mdomo wa hori saa moja baada ya kujaa. Sababu ya kugeuza maji yakiwa bado yanapanda ni hii: ukigusa chini wakati huo, ngoja dakika chache bahari itakunyanyua. Ukigusa chini saa moja baada ya kujaa, maji hayatarudi kimo kile ila baada ya saa 10 na nusu hivi.

Mtu akiwa ndani, bila saa wala jedwali, atazame mizizi ya mkoko. Ikiwa juu ya maji pana ukanda wa mizizi iliyolowa na inayong'aa, maji yanashuka. Ikiwa mizizi ni mikavu mpaka pale inapogusana na maji, maji bado yanapanda. Wafundisheni wanafunzi alama hii kabla ya yote, kila mmoja awe anaitazama.

Kwa wanafunzi 18 chukueni mitumbwi sita, watatu kila mmoja pamoja na mwenye chombo. Kila mtumbwi uwe na kafi, pondo (mti wa kusukumia chombo) la mita 3 hadi 4, upo wa kukumbia maji na kamba ya mita 10. Jaketi la kuelea livaliwe tangu pwani, lisiwekwe chini ya miguu. Pondo likinasa topeni, lizungushe kwanza ndipo uvute. Likikataa liache, mtumbwi wa nyuma utalichukua. Anayeling'ang'ania chombo humtoka chini ya miguu. Sheha wa pale apewe idadi yenu na saa ya kurudi, na mkirudi apewe habari.

Msomaji, Bumbwini: *Nasikia delta ya Rufiji, delta ya Nile. Kwa nini sisi hatuna?*

Delta inajengwa na udongo. Mto mkubwa hubeba udongo kutoka mbali, ukifika baharini mwendo hupungua, udongo unatua, mto unajizibia njia yake wenyewe na kugawanyika. Bonde la Rufiji linakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba kiasi cha 177,000, wakati Unguja nzima haifiki 1,700 na Pemba haifiki 1,000. Mito yetu ni mifupi, na vijito kadhaa vya Unguja hupotea ndani ya mawe ya matumbawe kabla ya kuiona bahari. Tulicho nacho ni mahori na ghuba za mikoko, kama Ghuba ya Chwaka, ambayo mikoko yake ni mingi kuliko popote Unguja na sehemu yake imo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Miti ni ile ile ya Rufiji. Kinachokosekana ni maji mengi ya mto.

Kikundi cha vijana sita, Kikwajuni: *Tunataka kwenda Rufiji tuone maziwa na delta kwa safari moja. Twende lini, tupite wapi, tukae siku ngapi?*

Kwanza mtenganishe vitu viwili, maana wengi huviweka mahali pamoja wakafika wakashangaa. Maziwa yako juu, kwenye uwanda ambao mto hufurika. Delta iko chini, baharini, nayo ni mikono ya maji iliyozungukwa na mikoko kiasi cha hekta 53,000. Baina yake ni mwendo mrefu wa gari.

Maziwa nayo ni ya namna mbili kwa msafiri. Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019. Mnafika kwa kupitia kijiji cha Mloka na lango la Mtemere, mnalipa ada ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na majini mnapelekwa kwa boti yenye mwongozaji. Utunge, Ruwe, Zumbi, Uba na Mtanza yako nje ya hifadhi, ni maziwa ya vijiji, na huko mwenyeji wenu ni mvuvi na mtumbwi wake. Kama mnataka kuona wanyama wengi kwa muda mfupi, nendeni hifadhini. Kama mnataka kulielewa ziwa, nendeni vijijini.

Maana maziwa haya yana maisha yake. Mengi ni njia za zamani ambazo mto umezihama. Mto ukifurika, maji huingia ziwani kwa mifereji myembamba, na perege na kambale huingia pamoja nayo. Mto ukishuka, mfereji unakauka, samaki wanabaki ndani wakikua, na wakulima wanapanda katika udongo wenye unyevu ulioachwa na maji, kilimo ambacho Warufiji wanakiita mlau. Basi ziwa mtakaloliona Juni ni pana, limeingia majanini, kingo hazionekani vizuri. Ziwa hilo hilo Oktoba limenywea, kingo ni tope lililopasuka, na viboko wamebanana katika kina kilichobaki. Sisi tungechagua mwisho wa Juni hadi Septemba: barabara zimekauka, maji bado yapo, mbu wamepungua. Machi hadi Mei msiende, udongo wa uwanda ule ukilowa gari halitoki.

Kalenda hii ya wazee siku hizi inahitaji kuulizwa upya kila mwaka. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Disemba 2022, na mto uliofungiwa lango haupandi na kushuka kama ulivyozoeleka. Hata hivyo mafuriko hayajaisha: Aprili 2024 maji yaliingia katika vijiji na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Kabla ya kukata tiketi pigeni simu kijijini mnakokwenda, muulize maji yako wapi wiki hii, si mwaka jana yalikuwa wapi.

Njia: boti hadi Dar es Salaam, kisha Mbagala Rangi Tatu, kwenye magari ya kusini. Kwa delta mnashuka Bungu na kuingia kushoto hadi Nyamisati, kituo cha vyombo viendavyo Mafia, na hapo ndipo pa kukodi mashua ya kuingia kwenye mikono ya delta. Kwa maziwa mnaendelea Kibiti na Ikwiriri. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na lenye urefu unaokaribia kilomita moja, liko mbele ya Ikwiriri. Simameni pale mtazame upana wa mto, mtafahamu kwa nini zamani watu wa kusini walikuwa wakikwama wiki nzima wakingoja kivuko.

Ndani ya delta mikono ina majina, na nahodha atayataja: Simba Uranga, Kikunya, Msala, Kiomboni. Haifanani. Tangu miaka ya 1970 maji mengi ya mto yamekuwa yakipita upande wa kaskazini, ndiyo maana huko mtaona mashamba ya mpunga pembeni mwa mikoko, na upande wa kusini chumvi ni kali zaidi. Mikoko yote ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo kuni za mikoko hazikatwi hata za kupikia chai. Chukueni jiko la gesi. Kila kijiji mnacholala, pitieni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji mkaandike majina kwenye kitabu cha wageni.

Siku saba zinatosha kwa vyote viwili: mbili za delta, mbili za maziwa, tatu za njiani. Mkiwa na nne, acheni delta mwende maziwani. Mikoko mnayo nyumbani, na mkitaka mtaiona kwa nusu siku Pete au Chwaka. Ziwa la mto hamnalo.

Ziwani tokeni alfajiri. Kuanzia saa 5 asubuhi miezi ya kusi upepo hupata nguvu, na ziwa lisilo na kina hupiga mawimbi mafupi yanayoingia ndani ya mtumbwi upesi kuliko mawimbi marefu ya bahari. Kurudi, fuateni ukingo hata kama njia ni ndefu.

Mvuvi, Tumbatu: *Bahari naijua. Kiboko na mamba siwajui, na nimeambiwa delta imejaa. Nitajilinda vipi? Na nikipeleka ngalawa yangu itafaa?*

Kaka, ngalawa iache. Mirengu yake, ile miti ya pembeni, itanasa kwenye mizizi katika njia nyembamba, na ikinasa huwezi kugeuka. Tumia mtumbwi wa huko na mtu wa huko, kwani anajua kiboko gani amelala pindo gani.

Kiboko mchana hukaa majini penye kina, usiku hutoka kula majani, alfajiri hurudi. Kwa hiyo hatari ni mbili. Majini, ukipita juu ya kina anachokitumia. Mwenyeji hugonga ubavu wa mtumbwi kwa pondo, ko, ko, ko, tangu mbali, ili viboko wainue vichwa. Unahesabu vichwa, unasimama, unahesabu tena, kwa sababu kiboko anaweza kuzama kiasi cha dakika tano na aliyezama ndiye wa kuogopwa. Kisha unapita upande wa maji mafupi, ukimwachia kina chake, kwa nafasi isiyopungua mita 50, na zaidi ikiwa yuko na mtoto au ni dume aliye peke yake. Akipiga miayo mikubwa na kutikisa kichwa, anakufukuza: rudi nyuma polepole. Ukiona mstari wa mapovu unakuja kwako, ingia maji mafupi mara moja.

Nchi kavu, usikae baina yake na maji. Njia zake utazijua: vichochoro vya majani yaliyolala, vyenye mifereji miwili ya nyayo na mgongo katikati, vinavyoteremka hadi majini. Hema lisiwe juu ya njia hiyo wala karibu na ukingo, na kulala kijijini ni bora kuliko hema. Wala usidhani chumvi inakukinga. Viboko huingia mpaka ndani ya mikoko kwenye mikono yenye maji ya mto.

Mamba shughuli yake ni ukingoni. Usichutame ukingoni kuosha sufuria wala kupaa samaki. Maji yateke kwa ndoo yenye kamba ya mita 5, ukisimama juu, na usiteke mahali pale pale kila siku, maana mamba hujifunza mazoea ya mtu. Mkono usining'inie nje ya mtumbwi. Usiku weka tochi usawa wa macho yako na umulike juu ya maji: macho ya mamba yatakurudishia mwanga mwekundu. Waulize wanawake wa kijiji wanateka maji wapi, na hapo ndipo uteke. Mahali ambapo wao wamepahama, hata pakiwa pazuri, usipakaribie.

Mwanafunzi wa chuo, Tunguu: *Utafiti wangu uko mikokoni, Pete na Chwaka. Nilivaa mabuti ya mvua yakabaki topeni. Nivae nini, na nitembee vipi?*

Dada, mabuti ya mvua ndiyo mabaya kuliko vyote. Tope hukamata kisigino, maji huingia juu, na kila buti linakuwa na uzito wa ndoo. Vaa raba za zamani za kufunga kwa kamba, zenye nafasi ya soksi nene tu, na ufunge kamba mara mbili. Miguu mitupu usijaribu, kwani chaza waliogandamana kwenye mizizi ya mkoko hukata kama wembe na jeraha lenye tope halikawii kuoza. Suruali ndefu nyepesi, glavu za shambani, fimbo ya mita moja na nusu.

Kisha usome miti, maana inakuambia ardhi kabla hujaikanyaga. Mlilana, mwenye mizizi minene iliyochongoka juu kama pembe, yuko mbele kabisa baharini. Mkoko wenye mizizi ya matao unapenda tope laini, hapo tegemea kuzama hadi goti. Mkandaa, mwembamba na mfupi, mara nyingi uko juu kwenye ardhi iliyoshikana, na tope lake halizidi kifundo cha mguu. Mchu unaujua kwa vijiti vyake vinavyotoka ardhini kama penseli. Huota mbele baharini na pia nyuma kabisa kwenye mchanga wa chumvi, kwa hiyo peke yake hautoshi kukuambia kitu. Pasipo na mti hata mmoja, kwenye kingo za mfereji, ndipo pa kuogopa: hapo mtu huingia hadi kiuno. Kwa jumla panga njia yako ipite penye mkandaa, hata kama inazunguka.

Chomeka fimbo kwa mkono mmoja. Ikizama zaidi ya sentimita 50, zunguka. Hatua ziwe fupi na za haraka, uzito usikae kwenye mguu mmoja. Kwenye mikoko kanyaga pale mizizi inapoingia ardhini, si katikati ya tao, ambako huvunjika. Vijiti vya mchu vikwepe: ndivyo mti unavyopumulia.

Ukizama, usivute mguu juu kwa nguvu, kwani unatengeneza uwazi chini ya nyayo na tope linakunyonya zaidi. Kaa kitako au lala kifudifudi juu ya fimbo na mkoba, uzito utawanyike. Zungusha kifundo cha mguu taratibu ili maji yapenye kando ya kiatu, kisha toa kisigino kwanza. Ukishatoka, enda kwa magoti na mapaja hadi penye mizizi. Mwenzako asikuvute mikono, akupe pondo au ubao wa kulalia. Na mwenzako awepo. Kazi ya mikokoni haifanywi na mtu mmoja, kwa sababu maji yakipanda hayamngojei aliyenasa.

Penye maji ya kufika gotini juu ya mchanga, buruta nyayo ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akimbie kama amejizika. Akikuchoma, zamisha mguu katika maji ya moto kiasi cha nyuzi 45, yasiyounguza, yajaribiwe kwanza na mtu mwengine, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maumivu yatapungua sana. Kisha hospitali, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

Mama wa watoto wanne, Wete: *Watoto huoga kijitoni na kwenye mabonde ya mpunga, na mkubwa anakwenda Rufiji kwa mjomba wake. Naogopa kichocho. Mikokoni nako kupo?*

Mama, mikokoni hakuna. Konokono anayebeba kichocho anaishi katika maji baridi, si ya chumvi. Lakini vijitoni, mabwawani na kwenye mifereji ya mpunga yenye majani, Pemba na sehemu kadhaa za Unguja, yupo. Vimelea hutoka kwenye konokono zaidi wakati wa jua kali, kama saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Kujifuta kwa taulo hakutoshi kukinga. Maji ya kuogea yakikaa ndani ya pipa safi lisilo na konokono kwa siku mbili, vimelea vimekufa.

Dalili ni mkojo wenye damu, hasa mwisho wa kukojoa, lakini wengi hawana dalili. Mpeleke mtoto akapimwe mkojo uliotolewa baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana mayai huonekana zaidi wakati huo. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, hutolewa kituoni na humezwa baada ya chakula: mtoto wa kilo 30 hupewa vidonge viwili vya miligramu 600. Haiui minyoo michanga. Kwa hiyo kijana wako akiingia maziwa ya Rufiji, apimwe na kutibiwa wiki sita hadi nane baada ya kurudi. Akipewa dawa siku ya pili ataambiwa amepona, naye hajapona.

Na malaria, mama, tafadhali usiisahau. Zanzibar imepungua mno, na wagonjwa wengi siku hizi huipata bara. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata kama joto ni kali. Homa yoyote kuanzia siku ya saba tangu alipofika huko, na hata wiki kadhaa baada ya kurudi, aende kituoni siku hiyo hiyo na aseme wazi kwamba alikuwa Rufiji na tarehe gani.

Msomaji, Mkunazini: *Marehemu babu alikuwa akitaja meli ya Kijerumani iliyofichwa Rufiji. Ni kweli, na inaonekana?*

Kweli kabisa, na kisa chake kinaanzia hapa Mjini. Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Kijerumani Königsberg iliipiga meli ya Waingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar na kuizamisha. Kisha ikaingia kujificha katika delta. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa kukosa kina, hadi zilipoletwa Severn na Mersey, zisizozama sana majini, na Königsberg ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mabaki yake yalikuja kukatwa vyuma na mengine kumezwa na tope. Msifunge safari kwa ajili yake, lakini mkiwa ndani ya mikono ile mtaelewa meli nzima ilivyoweza kupotea machoni.

Msomaji, Makunduchi: *Maji ya kunywa tubebe kiasi gani? Ya mto yanafaa yakichemshwa?*

Lita 4 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku moja, ndani ya madumu madogo ya lita 5 badala ya moja kubwa: likipasuka mnapoteza kidogo, na madogo hupangika vizuri katikati ya mtumbwi. Maji ya Rufiji yana udongo mwingi, na vidonge vya klorini havifanyi kazi sawasawa katika maji machafu. Yachotwe, yakorogwe na shabu kidogo, yaachwe yatulie saa chache mpaka udongo ukae chini, yamiminwe taratibu kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha yachemke kwa mapovu makubwa dakika moja nzima. Kabla ya yote onja tone moja na uliteme: yakiwa na chumvi yamwage, kwani kuchemsha huzidisha chumvi. Kwenye mikono ya delta onjeni upya kila mnapoteka, hata kama jana pale pale yalikuwa matamu. Bamvua huisukuma chumvi juu zaidi, na miezi ya kiangazi mto unapopungua nguvu huingia mbali kuliko wakati wa masika.